Wakuu, hivi Marekani wanakwama wapi kwenye sheria za bunduki?

Mtu wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Naomba wanaofuatilia siasa za kule wanieleweshe. Uingereza 1996 jamaa aliingia shule ya Dunblane kule Scotland akaua watoto 16 na mwalimu wao, watu wakazunguka kukusanya saini, mwaka uliofuata bastola zikapigwa marufuku. Mwaka huohuo Australia, Port Arthur, wamekufa 35, na waziri mkuu John Howard ambaye ni mhafidhina haswa akabana sheria, serikali ikanunua bunduki kama laki sita na nusu toka kwa raia ikaziharibu. Sasa Marekani leo shule kesho kanisa keshokutwa supamaketi, watu wanaandamana wanalia halafu kimya. Ni hela za NRA, kile chama cha kutetea wenye bunduki, tu au kuna lingine?

Wakili wa Kijiweni:
Hela zipo mkuu ila watu wanazikuza mno. Angalia mahesabu ya Seneti. Desemba 2012 Sandy Hook wameuawa watoto 20 wa darasa la kwanza na watu wazima 6 pale shuleni, nchi nzima imeshika kichwa. Ikaja hoja ya maseneta Manchin na Toomey, mmoja Democrat mwingine Republican, wala haikuwa ya kumnyang'anya mtu chochote, ilitaka tu anayenunua kwenye maonesho ya bunduki au mtandaoni achunguzwe rekodi kama wa dukani. Aprili 2013 wakapiga kura, ndiyo 54, hapana 46, na hoja IKAFA, maana kwa utaratibu wa Seneti zilitakiwa 60. Halafu Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina maseneta wawili sawasawa na California. Juu ya hapo kuna katiba, Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, na 2008 Mahakama ya Juu ikasema ni haki ya mtu binafsi kuwa na bunduki nyumbani kwake ya kujilinda. Howard hakuwa na kifungu kama hicho mbele yake.

Mama Wawili FL:
Kimya wapi jamani?? Mimi nipo huku Florida. Shule ya Parkland walikufa 17, tarehe 14 Februari 2018, na wiki haijaisha wanafunzi wenyewe wamepanda mabasi wameenda Tallahassee, makao makuu ya jimbo, kuwakalia wabunge kooni, mwezi haujapita gavana Rick Scott, Republican na kipenzi cha NRA, akasaini sheria. Umri wa kununua bunduki yoyote ukawa 21, ukinunua unasubiri siku tatu, na mahakama inaweza kuamuru mtu anayeonekana hatari anyang'anywe silaha zake kwa muda. NRA wakakimbilia mahakamani siku ileile lol. Ila sheria hiyohiyo ikaruhusu baadhi ya wafanyakazi wa shule wabebe bunduki, hapo mimi walinikosa. Wanangu shuleni wanafundishwa kuzima taa na kujibanza ukutani mbali na mlango, na wa mwisho bado hajui hata kufunga kamba za viatu.

Bwana Chokochoko:
Mnalaumu bunduki tu. Shule ya Uvalde kule Texas 2022 polisi zaidi ya mia tatu walifika wakasubiri saa nzima na ushee, muuaji yupo darasani na watoto. Mzee wa Texas akiona vile unadhani atakubali kuitoa ya kwake? Mimi nisingeitoa.

Wakili wa Kijiweni:
Hapo una hoja kaka, na wengi kule wanafikiri hivyohivyo, ndo maana siasa zake ngumu. Ila yule kijana muuaji wa Uvalde alitimiza 18 na ndani ya siku chache akanunua bunduki mbili dukani, kihalali kabisa. Kwa Florida asingeuziwa. Na Uvalde ndiyo iliyolegeza Seneti kidogo, 25 Juni 2022 Biden akasaini sheria ya kwanza nzito ya taifa baada ya karibu miaka 30, wanunuzi wa chini ya miaka 21 wanachunguzwa zaidi, japo umri wenyewe haukupanda. Siku mbili kabla ya hapo Mahakama ya Juu ilikuwa imeifuta sheria ya New York ya kubana watu kutembea na bastola. Yaani wiki moja, huku wanakaza kule wanalegeza.

Mtu wa Mbagala:
Aisee asanteni. Kwa hiyo ya kuangalia ni majimbo, Washington tusahau. Sasa si mtu anavuka tu mpaka ananunua jimbo la pili?

Wakili wa Kijiweni:
Kisheria bastola hauziwi nje ya jimbo lako, ila anatumwa mtu mwenye rekodi safi akanunue kwa jina lake, au inapita kwa muuzaji binafsi asiyeuliza maswali. Nyingi zinazokamatwa Chicago zimetoka nje ya jimbo lake la Illinois, hasa Indiana, na Indiana ni hapo jirani tu.

Mama Wawili FL:
Na hapo ndo wanaopinga sheria za bunduki wanasema "si mnaona Chicago sheria kali na bado wanauana". Nimechoka kubishana nao kazini.