Familia yetu inaenda Thailand kimisheni, michango ya kila mwezi tunaipataje?

mama_wawili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote humu salamu zenu. Naombeni mawazo maana kichwa kinauma. Mimi na mume wangu tumepata wito wa kwenda Thailand, kule kaskazini upande wa Chiang Mai. Kanisa limetuombea na kutuwekea mikono, shirika la kutupokea limeshasema njooni, kilichobaki ni hela tu. Shirika halilipi mshahara, kila familia inakuja na watu wake wa kuichangia kutoka nyumbani, na hawakuruhusu kupanda ndege mpaka ahadi za kila mwezi zifike kiwango. Bajeti waliyotupigia ya watu wanne (watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu) ni kama dola 1,800 kwa mwezi, humo kuna kodi ya nyumba, chakula, bima ya afya, viza, shule ya watoto na ada ya chuo cha lugha maana mwaka wa kwanza wote ni kusoma Kithai tu. Kwa hela yetu inacheza kwenye milioni 4 na nusu. Kila mwezi jamani!

Mzee mmoja wa kanisa ana nia nzuri sana, anataka tufanye harambee kubwa jumapili moja, kwaya, keki ya mnada, mgeni rasmi mheshimiwa. Ila nikipiga hesabu hata ikitoka milioni 15 hiyo ni miezi mitatu na kidogo, baada ya hapo tunakula nini? Halafu kuna ndugu. Shangazi yangu kaniambia mbele za watu "wenzenu wakienda ng'ambo wanatuma hela nyumbani, nyie mnaenda ng'ambo mnapitisha bakuli?" watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila moyoni ilinichoma.

Kuna mtu humu amewahi kupata wachangiaji wa kila mwezi hapahapa Bongo, sio kwa wazungu? Alifanyaje? Na je, ni sawa kuomba au tukae tungoje Mungu mwenyewe aguse watu?

tulikuwa_nampula
Dada pole na hongera. Sisi tulikaa Nampula Msumbiji na familia, tulipelekwa na makanisa ya hapa nyumbani tu, kwa hiyo nakuambia inawezekana ila sio kwa harambee. Harambee msiikatae, ila hela yake ifanye kazi za mara moja: nauli, viza, chanjo, hela ya kuanzia nyumba maana mwenye nyumba hakusubiri. Msiiguse kwa matumizi ya mwezi.

Shida yetu Watanzania tunajua sana kuchanga na hatujui kuchanga kwa kuendelea. Harusi mtu anatoa laki bila kuguna, msiba ndio usiseme, lakini vyote vina tarehe ya kuisha, kamati inavunjwa watu wanapongezana. Ukimwambia mtu huyohuyo atoe elfu kumi kila mwezi miaka mitatu anakuangalia kama umemwambia akuoe. Kwa hiyo msiende na kadi ya mchango, kadi inamwambia mtu hii ni shughuli, nikilipa nimemaliza. Nendeni nyumbani kwake. Mume na mke wote, piga simu kwanza, mkae sebuleni mnywe chai, muonyeshe ramani mmwambie mnaenda wapi na mtafanya nini, halafu mtaje kiasi kwa mdomo. Hapa ndipo wengi tunaona haya. Unaongea saa nzima kuhusu wito ukifika kwenye hela unasema "basi mtatukumbuka kwenye maombi". Atakukumbuka kwenye maombi, ndicho ulichoomba! Sema "tunatafuta watu wa kutoa elfu ishirini kila mwezi, mnaweza kuwa mmoja wao?" kisha nyamaza. Usianze kujipunguzia bei mwenyewe.

Hesabu ukiivunja haitishi. Watu 60 wa elfu ishirini ni milioni moja na laki mbili. Watu kumi wa laki ni milioni. Makanisa sita ya laki tatu tatu ni milioni moja na laki nane. Hapo umefika milioni nne, iliyobaki ni rafiki wawili walioko nje wakitoa dola 100 kila mmoja. Sio mlima, ni nyumba nyingi za kutembelea.

Na usimdharau mtu wa kidogo. Tulikuwa na mama mmoja anauza maandazi stendi, ahadi yake buku tano. Kila tarehe tano meseji inaingia kwa mhazini, kwenye maelezo anaandika "ya watoto". Hakuruka hata mwezi. Wafanyabiashara wawili waliosimama kanisani wakaahidi laki mbili mbili wakapigiwa makofi, mmoja alitoa mara moja, wa pili hata salamu alianza kuzikwepa.

Chuma_cha_pua
Mimi nitakuwa tofauti na nyie samahani. Hivi Thailand kuna nini ambacho hapa hakuna? Vijiji vingapi hapa havina hata mwinjilisti? Na pili hii ya kuzunguka majumbani na bajeti mkononi ni mambo ya kizungu. Hudson Taylor, yule mmisionari Mwingereza, alienda China bila kumuomba mtu hata senti, alipiga magoti Mungu akaleta. Kama wito ni wa Mungu bili ni ya Mungu.

mhazini_mstaafu
@Chuma_cha_pua ndugu yangu nakuheshimu ila hiyo ya Taylor umeisimulia nusu. Ni kweli shirika lake alilolianzisha 1865 lilikuwa na msimamo wa kutoomba pesa na kutomuahidi mtu mshahara. Lakini alizunguka Uingereza nzima akihubiri habari za China, na shirika likawa na gazeti lake linaeleza kazi inaendaje na wanahitaji watu wangapi. Watu wakisoma wanajua. George Müller wa Bristol, huyo aliyelea yatima kwa imani, naye alikuwa akiwatumia hela. Kutoomba si sawa na kukaa kimya.

Tena nenda nyuma kidogo, William Carey, mmisionari mwingine Mwingereza. Fundi viatu. Oktoba 1792 wachungaji wachache walikaa kwenye nyumba ya mama mjane pale Kettering, wakaandika ahadi zao kwenye vikaratasi, wakavitia kwenye kikopo cha ugoro cha mchungaji mwenzao Andrew Fuller, jumla ikawa paundi 13 shilingi 2 na peni 6. Ahadi hizo, sio taslimu. Mwaka uliofuata Carey akaenda India na familia, hela ikaisha mapema, akaishia kusimamia kiwanda cha nili (rangi ya buluu ya nguo) ili wale. Kwa hiyo habari ya ahadi, kupungukiwa na kuchanganya kazi ya mikono ipo tangu hapo. Na Paulo mwenyewe, Warumi 15:24, anawaambia waziwazi anapita kwao akielekea Hispania na anatarajia wamsafirishe. Huyohuyo aliyeshona mahema Korintho! Alifanya yote mawili kulingana na mahali.

Sasa mama_wawili, mimi nimeshika hela za idara ya misheni miaka mingi, nikuambie linaloua michango. Ni hela kutumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata baba mchungaji. Hela isiingie kwenye simu ya mume wako wala yako. Iingie akaunti ya kanisa, fungu la peke yake, watia saini wawili ambao si ndugu zenu, na lipa namba yenye jina la kanisa ili mtu akituma aone anatuma wapi. Siku hizi watu wametapeliwa sana na meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", mtu akiona jina la mtu binafsi anasita hata kama anawapenda. Mhazini ajibu kila muamala, neno moja tu, "imefika, asante". Mkae pia muandikishane na kanisa hela ikizidi inaenda wapi na mkirudi kabla ya muda inakuwaje. Hilo linaonekana dogo leo, ila siku likija kuulizwa kwenye kikao na hakuna maandishi mtatamani ardhi ipasuke.

Eldy254
Nawasalimu kutoka Eldoret. Hapo mhazini amenena. Sisi huku Kenya makanisa mengi tuliyo nayo yalizaliwa na hiyo mission ya imani, ile isiyoahidi mshahara, AIC (Africa Inland Church) kwa mfano inatokana na kundi la Peter Cameron Scott lililoshuka Mombasa 1895, yeye akafa mwaka uliofuata kule Nzaui Ukambani. Hao wamisheni kila mmoja alikuwa anategemea watu wa kanisa lake kwao. Lakini babu zetu hawakuona hiyo sehemu, waliona mzungu ana gari, ana dawa, ana shule, wakajua missionary ni mtu mwenye pesa. Ndio maana mkristo wa kwetu ukimwambia "mimi ni missionary nisaidie" anachanganyikiwa, kwa akili yake wewe ndiye wa kumsaidia yeye. Shangazi yako sio mbaya, ni vile alionyeshwa.

Nikuulize, umeangalia wamama wa kanisa? India kaskazini mashariki kuna jimbo la Mizoram, watu wake wengi ni wakristo na si matajiri. Tangu 1910 wamama huko kila wakipika wanatoa konzi moja ya mchele wanaweka kando, kanisa linakusanya, linauza, pesa inaenda kwa injili, na wanatuma wamisheni wao wenyewe. Kwetu wamama wa ushirika wetu walichukua hiyo kitu wakafanya na mahindi, gorogoro moja (kopo la kupimia nafaka) kwa nyumba wakati wa mavuno. Inalipa kodi ya familia moja iko Sudan Kusini. Hakuna aliyeskia uchungu wa pesa kutoka mfukoni.

hema_na_sindano
Mimi naongezea kuhusu kazi ya mikono maana naona imetajwa juujuu. Usipange bajeti ukitegemea kwamba mmoja wenu ataokoteza kazi mkifika. Thailand mgeni hafanyi kazi bila kibali cha kazi, na hata ya kujitolea wanahesabu ni kazi. Viza mtakayopewa ndiyo itasema mnaruhusiwa nini. Na mkikaa zaidi ya siku 90 mnaripoti uhamiaji mahali mnapoishi, kila siku 90, kwa hiyo muulizeni shirika nani anashughulikia na gharama za viza ziko ndani ya hiyo 1,800 au nje. Kama mume ni mwalimu au fundi mwenye cheti hilo ni la kuongea mapema, wengine wanapata ajira rasmi na michango wanayohitaji inapungua nusu. Ila mwaka wa lugha mwacheni asome, ukichanganya kazi na Kithai unatoka hujui chochote.

Na shilingi! Mnachangiwa kwa shilingi mnatumia kwa bati, hela ya Thailand. Dola ikipanda nyie mnashuka na mchangiaji hajapunguza hata mia. Wekeni asilimia kumi juu ya bajeti.

Chuma_cha_pua
Haya hilo la gazeti la Taylor nimejifunza. Ila swali langu la vijiji vyetu halijajibiwa.

tulikuwa_nampula
@Chuma_cha_pua nenda wewe ndugu, nakuchangia elfu ishirini kila mwezi, siongei utani.

mama_wawili
Jamani nimecheka 😂 asanteni sana. Nimemsomea mume wangu yote usiku, kwenye "usianze kujipunguzia bei mwenyewe" akaniangalia maana ndiye mimi kabisa. Tumekubaliana harambee ibaki ya nauli na viza, jumamosi tunaongea na mchungaji kuhusu akaunti. Nimeanza kuandika majina kwenye daftari, tuliosoma nao, kwaya ya zamani, majirani, waliotuchangia harusi (kadi bado ninazo!).

La mwisho, mtu akiahidi akatoa miezi miwili akakata, unamkumbushaje bila kumgombanisha na kanisa?

mhazini_mstaafu
Humkumbushi wewe, anakumbusha mhazini, na hakumbushi kwa deni. Nyie tumeni barua fupi kila mwezi kwa wote, waliotoa na wasiotoa, kwenye grupu la WhatsApp na nyingine ya karatasi isomwe kanisani kwa wazee wasio na simu kubwa. Ukurasa mmoja. Kitu kimoja kilichowafurahisha, kimoja kilichowashinda, mtoto kaanza kuongea Kithai, picha moja. Wengi waliokata hurudi wenyewe barua ikifika. Baada ya miezi mitatu ya kimya mhazini apige simu aulize hali kwanza, maana mara nyingi utakuta mtu kaachishwa kazi au anauguza. Akisema hawezi tena, ashukuriwe na abaki kwenye orodha ya barua. Na mtafute mbadala haraka, kila mwaka watapungua wachache hata mkifanya kila kitu sawa.

Eldy254
Na shangazi muweke kwa hiyo list ya barua, wa kwanza.