Mahakama imekula miezi 14 ya mzee wangu bila hata kuitaja

Wakuu, leo simung'unyi maneno.

Mzee wangu ni fundi mitambo mstaafu, yupo Uyole, Mbeya, anafuga kuku. Sheria inataka michango ya miezi 180 ndipo ulipwe pensheni ya kila mwezi. Mfuko wa pensheni ukamwambia anayo 171, achukue mkupuo mmoja, kwaheri. Mzee akafungua rambo lake jeusi (huyu hatupi hata risiti ya mbolea) akatoa slipu za mshahara 14. Mende wamekula pembeni, lakini mstari wa makato ya pensheni unasomeka, asilimia 5, kila mwezi. Alikatwa, mwajiri hakupeleka. 171 jumlisha 14 ni 185, mtoto wa darasa la pili anaijua hiyo.

Kesi yake ilikuwa na hoja moja tu: mimi nimekatwa, mwajiri kalalia hela, mfuko wenye meno ya kumbana ukanyamaza, kwa nini uzembe wao upunguze miezi yangu? Imo kwenye hati ya madai. Slipu zilipokelewa kama vielelezo. Wakili akairudia kwenye majumuisho.

Hukumu imetoka, kurasa 16. Kumi na moja ni nani alisema nini. Tatu zinahusu notisi kwa mfuko, jambo ambalo hakuna aliyelibishia! Kisha aya moja: taarifa za mfuko zinaonyesha miezi 171, hivyo madai hayajathibitishwa. Jamani, hizo taarifa ndizo zilizotupeleka mahakamani! Nimepita na kalamu nyekundu, neno "makato" halimo kwenye sehemu ya uamuzi. Wangesema slipu ni za kughushi, sawa. Wangesema mzee amdai mwajiri, asiuguse mfuko, sawa, tungekuwa na cha kupinga. Wameruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 20, kanuni ya 4 na 5: hukumu itaje hoja za kuamuliwa, uamuzi na sababu zake, tena kwa kila hoja bishaniwa. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kupokea slipu 14 na kuzinyamazia ni kusikiliza gani?

Najua mtasema kata rufaa. Tutakata. Ila rufaa ya namna hii hata ukishinda, jalada linaweza kurudishwa mahakama ya chini hukumu iandikwe upya, na mzee ana miaka 67. Juzi kauza majogoo manne Mwanjelwa kwa ajili ya wakili.

Wanasheria wa humu, tuombe mahakama ya juu izipime slipu yenyewe na kuamua, au lazima zirudi chini? Wa Iringa, Makambako, Tunduma mliokutwa na hili, mlifanyaje? Mzee kaniuliza jana, "Kwani ile bahasha ya slipu waliifungua?" Nimekosa jibu.