Mwanafunzi kaniuliza mbele ya darasa: "Wewe mwenyewe unaamini, mwalimu?"

Mwalimu wa Ziwani

Habari za jioni wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha nne, shule ya kata kandokando ya Ziwa Victoria, watoto 71 kwenye chumba kimoja. Wiki iliyopita tulifika mada ya mageuko ya viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Nimeshajaza ubao, wanasayansi wawili wa mageuko, Lamarck huku, Darwin kule, na mfano wa shingo ya twiga katikati, wao wananakili. Kijana mmoja wa kwaya, mtulivu kabisa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, haya tunajibu kwa ajili ya mtihani tu, au wewe mwenyewe unaamini tumetokana na nyani?"

Darasa likawa kimya. Nikamwambia muda umekwisha. Kengele ilikuwa bado dakika kumi na tano.

Tangu siku ile sina amani. Watakariri, watajibu, wengine watapata A, na wataondoka wakijua kwamba mwalimu alikwepa. Mimi ni Mkristo na sayansi hii naikubali, ila chuoni sikufundishwa namna ya kusimama mbele ya watoto nikalisema hilo. Halafu jenetiki bado sijaimaliza, na nina binti darasani mwenye siko seli (seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), wenzake wote wanajua. Mliopita njia hii, mlianzia wapi?

Mzee wa Chaki

Pole mwalimu mwenzangu. Nimeshika chaki miaka 26, na swali hilo nimeulizwa karibu kila mwaka.

Anza na neno lenyewe. Nyani ni huyu anayetuibia mahindi shambani. Hakuna baiolojia inayosema alimzaa mtu. Hata sokwe wa Gombe si babu yetu, ni binamu: ukoo mmoja wa zamani sana uligawanyika, wao wakashika njia yao, sisi yetu. Na lile fuvu la Olduvai aliloliona Mary Leakey mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75, wanafunzi wengi huandika kuwa ni la babu yetu. Nalo ni tawi la pembeni lililokatika.

Baada ya hapo weka twiga kando. Watoto wako wengi hawajamwona. Malaria wanaijua.

Chukua kikombe, tia maharage mekundu 40 na meupe 10. Jekundu ni jeni ya kawaida, jeupe ni jeni ya seli mundu. Mtoto anafumba macho, anachomoa mawili mawili. Kila jozi ni mtoto aliyezaliwa. Meupe mawili: siko seli, weka nje, kwa sababu zamani bila matibabu wengi hawakufika utu uzima. Mekundu mawili: rusha sarafu ya mia mbili, ikilalia upande wa simba malaria imemchukua. Jekundu na jeupe: anabaki, kwa sababu huyo malaria kali humpata kwa nadra. Hesabuni waliosalia. Mwanzo meupe yalikuwa moja kwa kila matano. Baada ya raundi moja yatakuwa kama moja kwa kila manne, na ukiendelea raundi kwa raundi, kila mara ukijaza kikombe kwa uwiano wa waliosalia, utayaona yakikaribia moja kwa kila matatu. Kisha rudieni bila sarafu, yaani nchi isiyo na mbu. Meupe yanapungua.

Hapo ndipo unawaambia habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu huko, akakuta jeni hii imejaa Pwani na kandokando ya ziwa, na milimani kwenye baridi ni haba. Mwaka 1954 akachapisha kwamba sababu ni malaria. Mwambie kijana wa kwaya: hayo ndiyo mageuko, na yamo kwenye damu ya darasa hili.

Mama Kliniki

Mimi ni muuguzi, naomba niongeze mawili. Kwanza, ongea na huyo binti kabla ya somo, faraghani. "Weka nje" si neno la kumshtukiza nalo mtoto anayemeza foliki asidi kila asubuhi.

Pili, wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana jeni moja ya seli mundu, uwezekano wa mtoto kuumwa ni mmoja kwa nne kwa KILA mimba. Nakutana na akina mama wanaoniambia, "huyu wa kwanza kaumwa, basi watatu wanaofuata wazima." Sivyo. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Na tafadhali usiwatume watoto nyumbani kuuliza makundi ya damu ya wazazi. Kundi la mtoto likionekana halilingani na la baba, nyumba zinavunjika.

Mtoto wa Mvuvi

Mwalimu upo ziwani halafu unachora twiga? Nenda mwaloni ununue furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, wa buku. Wapanue midomo: huyu meno mapana ya kusaga konokono, huyu membamba ya kukwangua mwani kwenye mawe. Ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na baada ya maji kurudi zikatokea mamia ya aina za furu. Marehemu baba aliwatambua aina nyingi kwa macho, kabla sangara hawajamaliza wengi wao.

Mwalimu wa Ziwani

Nimerudi wakuu, asanteni sana. Binti niliongea naye Jumatatu, nikamwambia anaweza kukaa maktaba kipindi hicho. Akakataa. Akaomba yeye ndiye ahesabu maharage meupe.

Raundi ya tatu meupe yaliongezeka kupita nilivyotarajia, ikabidi nieleze bahati nasibu kwenye kundi dogo, nusu kipindi kikaishia hapo. Nikamgeukia kijana wa kwaya, nikamjibu mbele ya wote: ndiyo, naikubali, na Jumapili nasali. Hakusema kitu. Baada ya kipindi akaja ofisini na kikombe mkononi, akauliza kwamba kama neti zitamaliza malaria huku kwetu, itachukua vizazi vingapi meupe yapungue kama kule milimani. Tumekaa naye hadi saa kumi na moja tukichomoa maharage bila sarafu. Yanapungua, ila polepole mno, na bado hatujafika.

Furu nitawaleta Alhamisi.