Kambi za karavani Marekani: kelele baada ya saa nne usiku ni kosa, lakini kummulika jirani hadi alfajiri ni ruhusa

Wanajamvi, heshima kwenu. Uzi huu unatuhusu hasa sisi tunaoishi Marekani ambao katika miaka ya karibuni tumejiingiza katika desturi ya kuvuta karavani, yaani zile nyumba za magurudumu ambazo wenyeji huziita RV, na kwenda kulala porini siku za mapumziko. Ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku nne hazijaipoza. Najua wapo watakaouliza ni mtu gani huyu anayelalamikia taa wakati ndugu zake nyumbani wanalalamikia kukatika kwa umeme. Hao nawaomba wasome hadi mwisho kabla ya kunicheka.

Mwishoni mwa Novemba, katika mapumziko ya sikukuu ya Shukrani, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa tuliendesha kutwa nzima kutoka eneo la Dallas hadi magharibi ya Texas, upande wa Fort Davis. Hatukuchagua huko kwa kubahatisha. Katika milima ile ndiko kulikojengwa kituo cha kuangalia nyota cha McDonald, mali ya Chuo Kikuu cha Texas, na ili kukilinda, sheria ya jimbo inazitaka kaunti saba za jirani ziwe na kanuni za taa za nje. Mwaka 2022 eneo lile, pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Big Bend na ardhi iliyo ng'ambo ya mpaka nchini Meksiko, lilitangazwa kuwa hifadhi ya anga la giza yenye ukubwa wa zaidi ya maili za mraba 15,000, na shirika ambalo leo linaitwa DarkSky International. Kwa maneno mengine, huko giza linalindwa kama tunavyolinda tembo wa Ruaha. Nililipia kiwanja dola 58 kwa usiku mmoja, kwa usiku tatu, miezi mitano kabla ya safari, nikihakikisha kuwa mwezi utakuwa mchanga na utazama mapema.

Jioni ya kwanza jirani wa kushoto aliwasili na trela ndefu ya futi zipatazo 40. Alituamkia vizuri, akaegesha kwa ustadi ambao mimi sina, na giza lilipoingia akawasha taa. Sikuzihesabu kwa uchokozi. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kitu kingine ambacho ningeweza kukitazama. Kulikuwa na taa ya mlangoni, nyeupe ile inayoelekea ubuluu, kama ya chumba cha upasuaji. Kulikuwa na mbili za kumulika mbali, zilizofungwa juu ubavuni mwa trela, na kwa kuwa ubavu wake wa baraza ndio uliotutazama, zilielekea moja kwa moja kwenye dirisha letu. Kulikuwa na mkanda wa taa uliozunguka turubai la kivuli, na mkanda mwingine chini ya trela uliokuwa ukibadilika kutoka buluu kwenda zambarau na kurudi, hata ungedhani ni matatu ya Rongai iliyopotea njia ikaibukia jangwani. Saa tatu na nusu usiku jirani na mkewe waliingia ndani, wakateremsha mapazia yao mazito, wakalala. Taa zikabaki nje zikikesha.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na naomba isieleweke vinginevyo. Mtu akiwa barazani anakula, anacheza karata au anaosha vyombo, awashe taa. Hata mimi huwasha. Lakini taa ambayo mwenyewe ameiacha akaenda kulala inamwangazia nani, kama si jirani aliyelipa pesa zilezile? Mapazia ya karavani yetu ni mepesi na kitanda cha mtoto kiko upande ule. Saa saba usiku aliamka akauliza, "Baba, kwani kumekucha?"

Nilikuwa nimemwahidi kumwonyesha Kilimia. Babu yangu, aliyekuwa mkulima huko Kilwa, hakuwa na kalenda ukutani. Alikuwa na kile kikundi cha nyota, ambacho jina lake lenyewe, mnaona, limetokana na kulima, na alikuwa na ule msemo wa wazee kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila Novemba kikundi hicho huchomoza upande wa mashariki mapema jioni, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kumfundisha mtoto ambaye hawezi kukesha. Tulisimama nyuma ya karavani yetu, mimi nikimkinga macho kwa kiganja ili mwanga wa jirani usimpige, naye akahesabu nyota nne tu. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde chache huiharibu kazi hiyo yote, ndiyo maana waangalizi wa nyota hutembea na tochi za mwanga mwekundu hafifu. Usiku wa pili tulitembea barabarani karibu robo saa hadi kilima kilipozikinga zile taa, tukangoja, na mtoto akahesabu saba, kisha akadai ziko nane. Sikumbishia. Ila nilijiuliza kwa nini niliilipia kambi ili nikatazame mbingu kutoka ukingoni mwa barabara kuu, nikiwa nimemshika mtoto mkono kila pikapu linapopita.

Wapo mtakaosema kwamba ningemgongea mlango jirani usiku uleule. Wanaoishi Texas wananielewa: mwanamume mgeni, tena mweusi, haendi kugonga mlango wa mtu asiyemjua usiku wa manane katika jimbo ambalo bunduki iko karibu na kila kitanda. Nilingoja asubuhi, nikaenda na kikombe cha kahawa mkononi, nikamweleza kwa upole wote nilionao. Mzee alinisikiliza bila kinyongo. Alisema taa za chini ni kwa ajili ya panya wa jangwani, ambao kweli wana tabia ya kujenga viota kwenye injini na kutafuna nyaya, na wasafiri wengi wanaamini kwamba mwanga huwafukuza. Sikutaka kubishana kuhusu panya. Nilimuuliza tu zile mbili za juu ni za nini, akasema ni za usalama, mkewe hapati usingizi bila hizo. Usiku ule, kwa heshima yangu, alizima mkanda wa chini na kuziacha zile mbili zikiwaka. Yaani alizima ile iliyokuwa na sababu, akabakiza zile zilizotukosesha usingizi.

Nikaenda ofisini kwa msimamizi wa kambi. Alinionyesha karatasi ya kanuni: kelele marufuku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, jenereta zizimwe, mbwa wafungwe, maji machafu yasimwagwe chini. Kuhusu taa hapakuwa na hata neno moja. Nilipomkumbusha kwamba tangazo lao wenyewe lina picha ya anga iliyojaa nyota, alinijibu kwamba kanuni za kaunti zinahusu majengo na nguzo za taa, na kwamba yeye hawezi kumpangia mteja taa alizokuja nazo. Nakubali kwamba taa iliyokuja na magurudumu yake ni vigumu kuidhibiti kwa sheria ya majengo. Lakini redio nayo ilikuja na mteja, na bado saa nne mnamwambia aizime. Kelele zinavuka mpaka wa kiwanja na mwanga unavuka mpaka wa kiwanja. Sioni kwa nini sikio la mpangaji liheshimiwe kuliko jicho lake.

Isitoshe, kambi yenyewe haina usafi wa kumnyoshea mgeni kidole. Kila kiwanja kina nguzo ya kuchomekea umeme, na juu ya nguzo kuna kitaa kinachojiwasha jua likizama, hakina swichi. Chetu nilikivika kofia yangu ya Yanga, na mashabiki wa Simba naomba utani wenu usubiri uzi mwingine.

Kuhusu usalama nina la kusema, kwa sababu hofu hiyo ninaijua tangu nyumbani, ambako nyumba isiyo na taa kali getini huonekana kama imewaalika wezi. Simameni mbele ya taa ya kumulika mbali usiku, kisha jaribuni kuona kilichosimama nyuma yake au pembeni yake. Hamtaona kitu, kwa sababu jicho limeshajifunga kwa ukali wa ule mwanga, na mwizi akitaka maficho hatapata mazuri kuliko hayo. Taa ndogo inayotazama ngazi, inayojiwasha mtu anapokaribia na kujizima anapoondoka, inamshtua mwizi kuliko ile inayowaka tangu magharibi, na haimwamshi mtoto wa jirani. Rangi nayo ina uzito wake. Kwenye boksi la balbu kuna namba ya kelvini: zile za 5000 na 6500 ndizo nyeupe za ubuluu, ambazo huuchelewesha mwili kutoa homoni ya usingizi ya melatonini, na za 2700 ni za manjano kama kibatari. Ushauri wa DarkSky ni kutovuka 3000. Bei haitofautiani sana, kwa hiyo huu si ubishi wa fedha.

Nisijifanye malaika. Julai mwaka jana kundi letu la Watanzania, karavani sita, tulipiga kambi kando ya ziwa, tukatundika taa za mapambo kutoka mti hadi mti kama ukumbi wa harusi, tukazima muziki saa nne kamili kwa kuogopa kanuni, na taa tukaziacha hadi asubuhi. Mama mmoja mzee wa kiwanja cha pili alikuja wakati wa chai kutuuliza kama tulijua kwamba zinawaka usiku kucha. Tulimcheka alipoondoka. Mimi nilicheka pia, na namkumbuka sana wiki hii. Tunaokwenda tena mwezi wa Machi, ninataka tukubaliane hapahapa kabla ya mtu kulipa chochote: mtu wa mwisho kuondoka barazani ndiye anayezima taa zote za nje, na anayefika usiku aegeshe kwa taa hafifu, sio kumulika mahema ya watu nusu saa nzima huku akirudi kinyumenyume. Na wale wa taa za kichwani, tafadhali inamisheni vichwa mnapozungumza na mtu.

Juzi niliwaandikia wenye kambi, nikaomba wanirudishie walau malipo ya usiku mmoja na waongeze mstari mmoja kuhusu taa katika kanuni zao. Jibu limefika leo asubuhi. Wanasikitika kwamba sikufurahia, fedha hazirudishwi, na wananikaribisha tena msimu ujao, kwani kwa ajili ya faraja ya wageni wanaongeza taa nne mpya katika njia ya kwenda bafuni.