Windows 10 imefika mwisho, laptop haikubali 11: niongeze muda, nilazimishe, nihamie Linux au niuze?

MwalimuMoro (Morogoro), mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Nina HP EliteBook 840 G3, mtumba wa mwaka 2021. Prosesa i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, diski GB 500 ile ya kuzunguka. Ni mashine ya nyumba nzima: mimi natunga mitihani, mama watoto anaweka hesabu za duka kwenye Excel, na ikifika saa moja jioni watoto wawili wanaigombania.

Asubuhi nikiiwasha naweza kuchemsha chai, nikanywa, nikarudi, bado kile kiduara kinazunguka. Nikifungua Task Manager, diski iko asilimia 100 na hakuna mtu aliyegusa kitu. Wiki iliyopita niliwasha hotspot ya simu nitume mtihani mmoja kwa baruapepe, kifaili cha KB 200. Bando la GB 3 likaisha barua haijatoka! Kumbe yenyewe ilikuwa inashusha masasisho. Siku ya pili nikanunua bando lingine, ikaanza kusakinisha, imefika asilimia sitini na kitu, LUKU ikaisha. Betri ya laptop ilishakufa zamani. Umeme uliporudi ilikaa saa nzima inatengua ilichokuwa imefanya.

Juu ya yote hayo, inaniambia Windows 10 ilifikia ukomo Oktoba 14, 2025, na kwamba kompyuta hii haina sifa za Windows 11. Njia ninazoziona ni nne, nimeziandika kwenye kichwa cha uzi. Nipeni mliyoyapitia. Nadharia ninazo za kutosha.

FundiGhorofani (Kariakoo)

Mwalimu, umechanganya magonjwa mawili na unataka dawa moja. Uzito wa mashine ni habari nyingine, Windows 10 kuisha muda ni habari nyingine.

Huo uzito ni diski. Diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa imetulia, lakini masasisho hayasomi kwa utulivu, yanachokonoa vifaili maelfu huku na huku, ndipo unapoona hiyo 100. SSD, yaani diski isiyozunguka, ile ya kawaida ya SATA inafika MB 500 na haina kichwa cha kutembeza. Hapa mezani kwangu wanakuja watu wanataka kuongezewa RAM wakati GB 8 wanazo. Nawaambia weka SSD kwanza, ukiona bado, rudi. Hawarudi.

Kwa hiyo lolote utakalochagua kati ya hizo nne, isipokuwa kuuza, SSD iko palepale. G3 ina nafasi ya inchi 2.5 na ina nafasi ya M.2 pia. Usisakinishe upya kama hutaki: nunua kebo ya USB ya SATA, hamisha kila kitu kama kilivyo kwa Clonezilla, ni ya bure. Ila kabla ya hapo fungua CrystalDiskInfo uone afya ya diski ya zamani. Ikiandika Caution, nakili mitihani yako leo leo, mengine baadaye.

Na hizi SSD na flashi za "2TB" kwa bei ya chipsi kuku, achaneni nazo. Nyingi ndani ni ndogo, zimefundishwa kudanganya. Ipime na H2testw ukiwa bado unaweza kumrudishia muuzaji.

BintiMalindi (Unguja)

Mimi nilichukua muda wa nyongeza na sijatoa hata senti. Microsoft wanatoa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu wa majumbani hadi Oktoba 13, 2026. Mlango ni huohuo wa Windows Update, kuna maandishi ya kujiandikisha. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao, ni bure. Hutaki, unatoa pointi 1,000 za Rewards (zile za zawadi za Microsoft) au dola 30, yaani elfu sabini na ushee za kwetu, na leseni moja inafaa mashine hadi 10.

Sharti akaunti ya Microsoft iwepo hata ukilipa. Kaka yangu alikataa kata kata, anasema hataki kufuatwafuatwa. Haya, yeye na virusi vyake.

Sharti jingine: Windows yako iwe toleo la 22H2. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia uone. Kama ni la nyuma, hayo maandishi hutayaona hata ukeshe.

MwalimuMoro

Dada, nimeandika. Inasema 21H2! Ina maana lile sasisho lililokatwa na LUKU ndilo lilikuwa 22H2 lenyewe?

BintiMalindi

Inawezekana kabisa. Lirudie usiku ukiwa na umeme wa kutosha. Na kwanza ingia Settings, sehemu ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotspot yako, washa "Metered connection". Hapo Windows inajua mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, haishushi makubwa bila ruhusa. Halafu kwenye Delivery Optimization zima ile ya kugawana na kompyuta nyingine. Ikiwa imewekwa ya kompyuta za kwenye intaneti, bando lako linatumika kumpelekea masasisho mtu usiyemjua.

pwani_huru (Mombasa)

Salaam. Mnamzungusha mwalimu bure. Oktoba ikija mtakuwa hapahapa mkiulizana yale yale.

Mimi niko na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa laptop kuukuu kuliko hiyo, RAM GB 4, toleo jepesi la Xfce. Mint 22 itatunzwa hadi 2029. Masasisho yanakuja, ndio, lakini yanakaa kando yakingoja wewe. Haijawahi kujizima nikiwa katikati ya kazi. Bando likiwa dogo naacha, nikipata Wi-Fi ya bure nashusha yote. Na kabla ya kusasisha, unapiga picha ya mfumo kwa Timeshift, mambo yakiharibika unarudi ulikotoka.

Jaribu kabla ya kufuta chochote. Shusha faili lake, ni karibu GB 3, liweke kwa flashi, washia hapo. Ona kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inaonekana. Hukuipenda, chomoa flashi, Windows yako iko vilevile.

KatibuMuhtasi (Dodoma)

pwani_huru nawe husemi upande wa pili. Nimekaa na Mint miezi minne nikarudi. Mfumo hauna neno, tatizo ni nyaraka za watu. LibreOffice, ile ya bure badala ya Word, inafungua docx, lakini barua yenye jedwali na nembo ya ofisi ikirudi kwa bosi, nembo imeshuka ukurasa wa pili na sahihi iko peke yake ukurasa wa tatu. Nimeshawahi kuitwa kuulizwa kama nilikuwa macho wakati naandika.

Mwalimu anatunga mitihani. Kuna milinganyo ya hisabati, kuna michoro, kuna zile nukta za kujazia majibu ambazo sote tunazipanga kwa kubonyeza nafasi mara hamsini. Akimtumia mwenzake mwenye Word, hapo ndipo utamu.

pwani_huru

Hizo nukta zingepangwa kwa tab zisingehama, lakini sitaki vita na makatibu 😅 Herufi zenyewe zinalingana: Liberation Serif ina upana uleule wa Times New Roman, na Carlito imetengenezwa kwa vipimo vya Calibri. Barua ya kawaida haivunjiki mistari. Milinganyo na michoro, hapo nakubali umenishika. Mtihani ukiisha tuma PDF.

KatibuMuhtasi

PDF mkuu wa idara hawezi kusahihisha. Anataka Word, na anataka leo.

mzeewa_Naks (Nakuru)

Mimi niliuza. Nilikuwa na G3 kama hiyo, nikaongeza pesa nikachukua ya kizazi cha 8, na sijajuta. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM kuanzia GB 4, nafasi GB 64, na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8. Hiyo ya mwisho ndiyo inafungia wengi nje. Na si Windows tu: i5 ya kizazi cha 6 kwenye hizi laptop nyembamba ina core mbili (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), za kizazi cha 8 zina nne. Utaisikia tofauti.

Lakini chunga. Usinunue jina la mashine, nunua namba ya prosesa. Kuna ThinkPad T480 zilitoka na kizazi cha 7, muuzaji anakuambia "T480 zote zinaingia 11" ukifika nyumbani inakataa. Soma namba: i5-8350U, hiyo 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. Afadhali uweke PC Health Check ya Microsoft hapo dukani. Kisha ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kabla hujatoa pesa. Mitumba ya maofisi ya ng'ambo nyingine zina nywila ya BIOS au Computrace (ya kufuatilia mashine iliyoibwa) ingali imewashwa, na hiyo ni shida yako ukishatoka mlangoni.

FundiGhorofani

Hapo kwa BIOS umeongea. Naongeza la kulazimisha 11, maana hakuna aliyeligusa na ndilo wateja wanalotaka zaidi.

Inawezekana. Rufus inatengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, kwenye G3 inaingia na inatembea vizuri tu ukiwa na SSD. Masasisho ya kila mwezi kwa kawaida yanakuja. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyo na sifa haina haki ya kudai masasisho, wakiamua kufunga huna pa kulalamika. Na kila toleo la mwaka halikufuati nyumbani, inabidi utengeneze flashi upya uliingize kwa mkono. Toleo la Windows 11 kwa Home na Pro linatunzwa miezi 24, kwa hiyo si kazi ya mara moja, ni ya kurudiarudia. Mashine za Core 2 Duo msijisumbue: kuanzia 24H2 haziwaki kabisa, prosesa zinakosa maagizo inayoyahitaji.

Mimi nawawekea wanaojua kurudi. Mtu wa nyumbani akiniambia "niwekee halafu usiniite tena", simwekei.

Jambo jingine na hili liwaingie: msikubali kupigiwa Windows yenye kraki, ile iliyovunjwa kufuli ya leseni. Laptop iliyotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu ina ufunguo wake ndani ya BIOS. Ukisakinisha safi toleo linalolingana, Pro kwa Pro, ikiingia mtandaoni inajiwasha yenyewe. Hizo kraki zinakuomba uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza. Mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia anataka nini?

BintiMalindi

Fundi, swali la pembeni. Kompyuta ya mezani ya mama kila ikichomolewa umeme inarudi mwaka 2015. Masasisho hayashuki na kila tovuti inasema si salama. Tushaipiga Windows mara mbili.

FundiGhorofani

Betri ya kwenye ubao, CR2032, ile kama sarafu. Zima, chomoa waya, badilisha, weka tarehe kwenye BIOS. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na kuisha, kompyuta ikidhani ni 2015 inaona vyote havijazaliwa. Aliyekupigia Windows mara mbili kwa ajili ya hilo akurudishie hela.

MwalimuMoro

Mrejesho, wakuu. Nimechelewa kwa sababu shule zimefunguliwa.

CrystalDiskInfo iliandika Caution. Sikulala. Nilinakili mitihani ya miaka minne na hesabu za duka kwenye flashi mbili. Jumamosi nikaweka SSD ya GB 256. Fungu moja la faili zilizokuwa kwenye diski halikusomeka, bahati nzuri zilikuwa filamu za watoto. Badala ya kuhamisha nikasakinisha safi, na kweli ufunguo ulikuwa kwenye BIOS, ikajiwasha yenyewe.

Inawaka sasa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Mama watoto aliuliza kama nimenunua nyingine na nimemficha bei.

Nimebaki Windows 10, nimejiandikisha muda wa nyongeza bure kama dada alivyosema, kwa sababu ya Word na KatibuMuhtasi amenitia hofu. Mint nimeiweka kwenye flashi, watoto wanaiwashia hapo na hadi sasa hawajaulizia Windows. Printa ya HP imeonekana bila kuombwa. Oktoba nitaamua kati ya Mint na kizazi cha 8, itategemea duka.

Betri nayo nimeagiza. Duka la kwanza walinipa ya G2, haikuingia. Kuna anayejua ninapoweza kupata ya G3 ambayo si ya kufufuliwa, Morogoro au hata Dar?

FundiGhorofani

Geuza laptop, fungua kifuniko cha chini, soma namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, inaanza na CS03. Nitumie picha inbox.