Re: Nimeitwa kufundisha ufundi magari sekondari Minnesota, mafunzo ya ualimu nianzie wapi?

Kutoka: fundi magari, St. Cloud

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi wa siku nyingi, nilianzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na sasa niko huku Minnesota. Vyeti vya ASE, vile wanavyopewa mafundi magari wa Marekani wakifaulu mitihani, ninavyo: breki (A5), usukani na suspensheni (A4) na umeme wa gari (A6). Sekondari moja ya hapa inataka nifundishe ufundi magari kuanzia Septemba. Digrii sina, nina cheti cha ufundi stadi cha VETA na uzoefu. Wanasema leseni itakuwa Tier 1, ngazi ya chini kati ya nne za leseni ya ualimu huku, na kwamba nitatakiwa kuhudhuria mafunzo ya kuendeleza walimu. Hapo ndipo naomba msaada wenu. Nani analipa? Nianze na yapi? Na kuna faida gani ya kukaa semina na walimu wa historia wakati kazi yangu ni injini? Mkataba natakiwa kusaini wiki ijayo.

---

Kutoka: mwalimu wa ufundi, Minneapolis

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Saini.

Kuhusu leseni usiwe na wasiwasi. Kwa masomo ya ufundi Minnesota inaruhusu mtu kuingia Tier 1 bila digrii ya kwanza, ili mradi ana shahada ile ya miaka miwili, au cheti cha kitaaluma, au miaka 5 ya kazi kwenye fani yenyewe. Ila ni leseni ya mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo jua mapema unaelekea wapi. Tier 3 ni ya miaka 3, na kuihuisha kunahitaji saa 75 za mafunzo. Tier 4 ni ya miaka 5, saa 125.

Sasa mafunzo yenyewe. Utakutana na walimu wanaokusanya saa tu, popote zinapopatikana, ili karatasi ijae. Wewe tafuta mafunzo yatakayobadilisha kitu ndani ya karakana yako, na ukiyadai, sheria iko upande wako. Hela ya serikali kuu kwa elimu ya ufundi inatoka kwenye sheria ya Perkins, na toleo la sasa, Perkins V, lilisainiwa Julai 31, 2018. Humo wameeleza mafunzo ya walimu yaweje: ya kuendelea, ya kina, ya kushirikiana na wenzako, yaliyofungamana na kazi yako na darasa lako. Warsha ya siku moja inayoishia hapo hapo wameitoa kabisa kwenye maana hiyo. Walimu waliopitia MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, nyumbani Tanzania wanaijua roho ya jambo hili, walimu wanakaa shuleni kwao na kuchambua vipindi vyao wenyewe.

Umeuliza kwa nini ukae na mwalimu wa historia. Kwa sababu injini unaijua, lakini kuongoza vijana ishirini na kitu wa miaka kumi na sita kwa kipindi kizima hujawahi kufundishwa, na yeye amefundishwa. Chukua mfano wa kupima unene wa disiki ya breki. Gereji unashika maikromita, unapima sehemu kadhaa kuzunguka disiki, unaandika, unaendelea na gari. Darasani kijana wa kwanza ataikaza kama jeki ya mkono mpaka isome uongo, wa pili atasoma tarakimu za upande usiohusika, na wengine watakuwa wamesimama nyuma wanatazama simu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mwalimu mlezi, mama mmoja wa hisabati ambaye gari lake mwenyewe hakuwahi kulifungua boneti. Alikaa kona ya karakana na daftari, na hakuandika hata neno moja kuhusu breki. Aliandika kila mwanafunzi alikaa muda gani bila kushika chombo chochote. Tulipokaa baadaye akanionyesha ukurasa: kundi zima la nyuma lilikuwa limesimama tu kwa sehemu kubwa ya kipindi. Wiki iliyofuata tukagawa kazi vituo vitatu, mmoja anapima, mwingine anasoma kwa sauti na kueleza kwa nini anazungusha kile kitufe cha mwisho wa maikromita mpaka kilie, mwingine analinganisha na kipimo cha chini kilichochapwa kwenye disiki. Vurugu nyingi zikaisha zenyewe. Huku huna kiboko wala sauti ya mwalimu wa zamu ya kukusaidia, mpangilio wa kazi ndio unaotuliza darasa.

La pili ambalo usilikwepe ni IEP, ule mpango wa maandishi wa mwanafunzi mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza. Unakubana kisheria wewe kama mwalimu wake, hata ukiwa karakana. Kama mpango unasema mtoto asomewe maswali au aongezewe muda, basi asomewe na aongezewe, na wewe ufikirie mapema atasimama wapi karibu na mashine inayozunguka. Omba kukaa na mwalimu wa elimu maalumu kabla shule hazijafunguliwa. Hakuna mafunzo ya injini yatakayokusaidia kuliko hayo mwaka wa kwanza.

Ukishatulia, hapo ndipo urudi kwenye fani. Uliza kama programu ya shule yenu imeidhinishwa na ASE Education Foundation, maana kama imeidhinishwa kila mwalimu anatakiwa kupata saa 20 za mafunzo mapya ya kiufundi kwa mwaka. Mimi ningezitumia kwenye magari ya umeme na haibridi. Zile nyaya za rangi ya chungwa zinabeba umeme mkali, hazichezewi. Glavu za mpira za daraja 0, za volti 1,000, zinapelekwa maabara kupimwa kila miezi 6, na kila kabla ya kuvaa unazijaza upepo, unakunja mkono wa glavu na kusikiliza kama kuna tundu. Mwalimu ambaye hajawahi kufanya hivyo mbele ya mkufunzi asimfundishe mtoto wa mtu.

Na hela: usitoe mfukoni mwako kabla hujauliza. Tafuta mratibu wa CTE, yaani elimu ya ufundi na kazi, wa wilaya ya shule. Minnesota fedha za Perkins zinapitia konsotia zinazounganisha wilaya za shule na vyuo vya Minnesota State, na angalau kila miaka 2 wanatakiwa kufanya tathmini ya mahitaji. Suala la kuwapata walimu na kuwaendeleza liko ndani ya tathmini hiyo. Ombi lako likinukuu tathmini yao wenyewe linapita kirahisi kuliko barua ya kuomba msaada tu.

---

Kutoka: mwalimu wa sayansi ya afya, Houston

Kaka zangu, habari za huko kwenye baridi.

Naungana na kaka wa Minneapolis karibu kwa yote. Nilipotoka uuguzi kuingia darasani, kilichoniokoa ni kujifunza kupanga somo. Texas tunatakiwa saa 150 kila miaka 5, na nasisitiza jambo moja: vyeti vya mahudhurio tunza mwenyewe, nakala ya karatasi na ya kompyuta. Nilihama shule, na shule ya zamani haikuweza kuonyesha saa zangu hata moja. Daftari langu ndilo lililonisaidia.

Ninapotofautiana naye ni mpangilio. Yeye anasema fani isubiri. Kwa afya haisubiri, taratibu za kuzuia maambukizi zikibadilika na mimi sijui, nafundisha kosa. Kila kiangazi naomba siku chache wodini au kliniki, nikiwa mwanafunzi tena, na nikirudi vijana wa HOSA, chama cha wanafunzi wa fani za afya, wananiuliza maswali mazito zaidi kwa sababu nawaeleza nilichokiona juzi. Tena kwa wanaotoka kazini moja kwa moja kama sisi kuna programu ya Teaching to Lead ya SREB, bodi ya elimu ya majimbo ya kusini iliyoko Atlanta, imetengenezwa mahsusi kwa mwalimu mpya wa ufundi. Uliza kama jimbo lako au wilaya yako wanaitumia, au wana inayofanana nayo.

Na kodi msisahau. Mwalimu wa shule aliyefanya kazi angalau saa 900 katika mwaka wa shule anaweza kutoa sehemu ya gharama alizolipa mwenyewe, ada za mafunzo zikiwemo, kwenye mapato yanayotozwa kodi ya serikali kuu; mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 300. Weka risiti.

---

Kutoka: fundi magari, St. Cloud

Kaka, dada, Mungu awabariki. Nimempigia mratibu leo, ameniambia nilete ombi kwa maandishi. Niandike nini? Kiingereza cha barua za ofisi kinanipa shida kidogo.

---

Kutoka: mwalimu wa ufundi, Minneapolis

Andika ukurasa mmoja tu. Anza na wanafunzi: watakuwa wangapi, na watajifunza nini ambacho sasa hivi shule haina mtu wa kukifundisha. Kisha taja mafunzo mawili, lile la ualimu kwa walimu wapya na lile la magari ya umeme, kila moja na tarehe, ada, nauli na gharama ya mwalimu wa kushika darasa lako siku ambazo haupo. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau, halafu ruhusa inakataliwa hata kama ada ilishakubaliwa. Funga kwa kueleza utafanya nini ukirudi, mathalani kuandaa mazoezi ya glavu na nyaya kwa darasa zima na kumwonyesha mwenzako wa chuo.

Omba pia mwalimu mlezi kwa maandishi, na omba apewe muda wa kukaa darasani kwako. Kabla hujasaini mkataba ulizia hilo, kwa sababu baada ya Septemba kila mtu ana ratiba iliyojaa.

Andika kwa Kiswahili kwanza ukitaka, nitumie jioni hii, tutaikalia pamoja kwa simu kesho baada ya zamu yako.