Bustani ya miti isiyoijua miti yake: tumelipa kiingilio familia nzima, tumeambulia vibao vya uongo na filimbi za walinzi

Wakuu, habari za jioni.

Mtanivumilia, nimerudi nyumbani na hasira na uzi ni mrefu. Wale wa "fupisha basi" piteni tu, hamjalazimishwa.

Bustani siitaji jina, msijisumbue kuniuliza. Ni ya mtu binafsi, iko pembezoni mwa Dar, na mwenyewe akisoma hapa atajijua kabla hajafika katikati. Nisije tu nikawapakazia wasiohusika: si ile ya tangu enzi za Mjerumani pale jirani na Makumbusho ya Taifa, wala sizungumzii msitu wa Pugu. Hii ni ya juzijuzi, ina tangazo zuri mtandaoni linaloahidi kwamba familia itatoka pale imejifunza miti. Basi mimi nikaamini, kwa sababu kifungua mimba wangu yuko darasa la tano na amepewa kazi ya likizo: aokote majani ya miti kumi tofauti, ayabandike kwenye daftari, aandike mti unaitwaje, asili yake wapi na unatumika kwa nini. Nikawaza, kuliko kuhangaika mtaani ambako kila mti ni mwarobaini au muashoki, twende mahali penye wataalamu. Nikamchukua na mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Muheza na ana miaka sabini na ushei, akapunge upepo na wajukuu.

Getini: mkubwa 10,000, mtoto 5,000, gari 3,000. Kamera ya baba watoto nayo 30,000, eti kwa kuwa ina lenzi ndefu. Ikabaki garini. Nikalipa kwa lipa namba, nikaomba risiti, dada akanichania kikaratasi chenye muhuri uliofifia. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? "Mashine mbovu." Hotipoti la pilau nililoliamkia alfajiri likazuiwa, chakula cha nje hakiruhusiwi. Ndani maji madogo ya shilingi 500 yanauzwa 1,500, na chipsi zilikuwa za baridi. Hayo yote ningeyameza. Sisi wa mjini tumezoea kukamuliwa getini. Kilichonileta hapa ni kilichofuata.

Mti wa kwanza tuliosimama una kibao kizuri cha bati, maandishi meupe: MNINGA. Mwanangu akafungua daftari, akaandika. Mama akamtazama, akatazama juu, akasema, "Mwanangu futa. Huu mtiki."

Jamani, jani la mtiki mnalijua. Ni pana kuliko sahani ya wali, linakwaruza mkononi. Mninga majani yake ni madogo madogo, yamepangana kwenye kikonyo kimoja. Huhitaji digrii ya SUA, chuo kikuu cha kilimo, kutofautisha. Mama akachuma kijani kichanga kwenye chipukizi lililoota chini ya shina, akakifikicha kiganjani, kiganja kikawa chekundu. Watoto wakashangilia, kila mmoja anataka apakwe. Hilo ndilo somo lenyewe, wakuu. Mtoto akishaiona rangi ile ikitoka kwenye jani la kijani, mtiki hatausahau mpaka anazeeka.

Hapo akatokea kijana mwenye fulana ya bustani, ameandikwa mgongoni "MUONGOZAJI". Akauliza kuna shida gani. Nikamwambia kibao kimekosewa. Mnajua alinijibu nini? "Hapana madam, ndiyo mninga wenyewe. Si mnaona unatoa damu?"

Nilishindwa nicheke au nilie. Ni kweli mninga unatoa utomvu mwekundu, lakini ukiukata gamba, siyo ukifikicha jani. Mama akamuuliza taratibu kabisa, "Na tunda lake liko wapi, baba? Lile la duara, lina ukingo kama karatasi pembeni na miiba katikati?" Kijana akasema msimu wake bado. Akatuongoza kwenda mti wa pili.

Mti wa pili ndio mti wa taifa. Kibao: MPINGO. Mwanangu wa katikati, anayependa maswali, akauliza mbona shina si jeusi. Muongozaji akamwambia bado mchanga, ukikomaa utabadilika rangi. Uongo mtupu, tena kwa mtoto! Mpingo nje una gamba la kijivujivu siku zote, na hata ukiukata, mbao ya pembeni ni ya njano iliyopauka. Weusi uko kwenye kiini, na ndicho wanachochonga Wamakonde, ndicho kinachosafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa ala za muziki kama klarineti na obo. Na mpingo una miiba. Ule tulioonyeshwa hauna hata mwiba wa kusingizia. Baba watoto alisema ni mjohoro, mimi sikuwa na hakika, lakini mpingo haukuwa.

Kutoka hapo vibao vingine vina Kilatini peke yake, hakuna jina la Kiswahili, hakuna asili, hakuna matumizi. Vingine vimefutika. Kimoja kilikuwa chini kimeelekea udongoni na hakuna anayejua kilianguka kutoka mti upi. Muongozaji kila akiulizwa anasema, "Huu ni mti wa kivuli." Miti mitano mfululizo ni ya kivuli! Kwani kuna mti wa jua?

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma kuliko yote.

Kule nyuma kuna mbambakofi mkubwa kweli, wengine mnauita mkongo. Huo haukuwa na kibao kabisa, kwa hiyo angalau haukudanganya mtu. Chini yake yamejaa maganda yake, yale magumu kama ubao, na mbegu zimetapakaa: nyeusi tii, zinang'aa, kila moja imevaa kikofia chekundu kichwani. Kitinda mimba wangu hajawahi kuona kitu kama hicho. Akachuchumaa, akawa anaziokota moja moja, anazifuta kwenye gauni, anazitia mfukoni. Bibi yake naye akainama kumsaidia, huku anamweleza kwamba zamani milango na vyombo vya baharini vilitengenezwa kwa mbao za mti huu, na kwamba wao utotoni walichezea mbegu hizo bao.

Filimbi ikalia. Mlinzi, kijana mdogo tu, kwa mbali: "We bibi kizee! Acha hizo! Hairuhusiwi kuokota kitu!"

Mama akanyooka, akamtazama, akasema, "Marahaba."

Yule kijana hata hakuelewa. Akaja mpaka pale, akamwamuru mtoto wa miaka mitano amwage mfuko wake wote chini, akasimama kuhakikisha. Mtoto akamwaga huku analia kwa kwikwi. Mbegu zilizoanguka zenyewe! Zitaozea pale, au zitafagiliwa zichomwe na takataka, maana jalala linalofuka moshi nililiona mwenyewe nyuma ya choo. Mita chache kutoka hapo zambarau zimedondoka mpaka njia imekuwa ya zambarau, zinaliwa na nzi, na kibao kinasema faini 50,000 kwa atakayeokota. Faini ya tunda lililooza.

Kama hofu yao ni watu kuimaliza miti, basi waanze na wao wenyewe. Vibao vingi vimefungwa kwa waya ulionyongwa kuzunguka shina. Kuna mvule mchanga, waya umezama ndani ya gamba kiasi kwamba kidole hakiupati. Juu ya waya shina limevimba, chini yake limesinyaa. Hii ni Biolojia ya sekondari: chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka mizizini kupitia tabaka laini lililo chini tu ya gamba. Ukilikaba kwa waya umeinyima mizizi chakula, na mti unakufa polepole huku kibao chake kinang'aa. Waya unatakiwa uachwe ulegee au uwekewe springi, na kila mwaka mtu apite kukagua. Na mbuyu wao mmoja wamepigilia fremu ya chuma ya umbo la moyo kwa misumari mikubwa, ili watu wasimame wapigwe picha.

Ndiyo, picha. Mara mbili tumezuiwa njiani kwa sababu kuna maharusi wanashuti. Tumesimama juani na bibi yetu, tumelipa kama wao, tunasubiri bibi harusi apange shela kwenye mizizi ya msufi. Hakuna aliyewaambia wale na viatu vyao virefu kwamba hairuhusiwi kugusa kitu. Spika ipo hapohapo inapiga singeli. Vyoo sitavizungumzia, ila nendeni mmeshajisaidia nyumbani.

Nikamtafuta meneja. Kijana mpole, amekaa ofisini na kiyoyozi. Nikamweleza kuhusu vibao, mvule na mama yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wateja wao wengi wanafuata mandhari, majina ya miti hawaulizi, kwa hiyo hilo "halijawahi kuwa changamoto". Kuhusu mama akasema mlinzi alikuwa anafuata utaratibu. Kuhusu pesa akanionyesha maandishi nyuma ya kile kikaratasi: hairudishwi.

Sawa. Kama biashara yako ni mandhari, tangaza mandhari. Sema "njooni mpige picha, kuna kijani kibichi na moyo wa chuma". Usinitangazie elimu ukanipa kijana aliyevalishwa fulana jana, akamfundisha mwanangu uongo ambao angeupeleka shuleni, mwalimu akampiga mkasi, na aibu ikawa ya mtoto.

Na msiniambie Bongo haiwezekani. Nimewahi kufika bustani ya miti ya Amani, kule juu Usambara Mashariki. Wajerumani waliianzisha ile 1902 kujaribisha mazao ya biashara, wakapanda mipira, mikwinini ya dawa ya malaria, midalasini na miti ya kila bara. Leo ni hifadhi, na aliyetutembeza alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, hana fulana ya kampuni. Alitusimamisha kwenye msizi, wengine wanauita mhesi, akatueleza kwamba kule Usambara ni mgeni, uliletwa na watu, ila hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza, wanakwenda kuzitapika mbegu mbali, ndiyo maana umesambaa mpaka unaisumbua miti ya asili. Mti mmoja, na umeshapata historia, ndege na tatizo la msitu mzima ndani ya dakika chache. Hakutumia spika wala kibao, alikuwa anaujua tu mti wake.

Daftari la mwanangu limejaa, msihofu. Bibi yake alikaa kwenye gari huku tunakula pilau maegeshoni, akawaokotesha majani nje ya uzio: mkungu, mkwaju, mwembe, mkorosho, mkrismasi. Kila mti na habari zake. Mkrismasi asili yake Madagaska, mwarobaini ni wa India, mkorosho umeletwa na Mreno kutoka Brazili. Bure kabisa, na hakuna aliyepuliza filimbi.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Naongezea hapa badala ya kumjibu kila mtu.

Mkuu unayesema "kama huna hela kaa nyumbani": soma tena. Hela nimetoa. Nalalamikia nilichouziwa.

Dada uliyeuliza kama panafaa birthday ya watoto: kwa picha panafaa. Wafunge mikono tu.

Unayesema mama yangu alivunja sheria kwa kuchuma jani la mtiki: lilikuwa la chipukizi la chini ya shina, ambalo mkulima yeyote wa mitiki hulikata ili shina linenepe. Mpe pole mtiki.

Mdau wa misitu uliyenitumia ujumbe ukajitolea kwenda kuwarekebishia vibao bure, Mungu akubariki. Nimekupa jina la sehemu pembeni. Ukifika anza na ule mvule, kata waya kwanza, kibao baadaye.

Na mnaonishauri niende Tume ya Ushindani, wanaopokea malalamiko ya walaji, wataniuliza ushahidi wa malipo, nami nina kikaratasi chenye muhuri usiosomeka. Kwa hiyo Jumatatu baba watoto anarudi pale getini kudai risiti ya EFD na ujumbe wa muamala mkononi. Wakimpa, naibandika hapahapa. Wakisema mashine bado mbovu, TRA, watu wa kodi, wana namba ya kupiga bure.